Msivue Viatu

Alhamisi, 7 Novemba

Leo Zdislava amefungua maonyesho yake! Binti yetu, hapa hapa Brno, mjini kwetu, baada ya miaka yote ile ya kuonyesha kazi zake ugenini. Nilivaa suti. Mke wangu Draha alinifunga tai mara mbili, maana mara ya kwanza, alisema, nilifanana na mtu anayekwenda kutoa ushahidi mahakamani.

Kituo cha sanaa kiko kwenye kiwanda cha zamani cha sufu, kando ya mto. Wote tunapaita Kiwandani. Mama yangu alisokota nyuzi katika ukumbi ule ule ambao leo una taa nyeupe na ukimya wa kanisa. Hilo ningeweza kulieleza kurasa tatu. Acha kwanza.

Kazi yenyewe: ni nyumba! Sebule, jiko, chumba cha kulala, vyote ndani ya ukumbi, bila dari. Mlango wa kawaida, kitasa cha kawaida. Ndani mna kochi, meza, kabati la vyombo, na chini, ukuta hadi ukuta, zulia la sufu jeupe. Jeupe pe! Kazi inaitwa *Mlipita Hapa*. Wazo lake — naliandika ili nijue kama nimelielewa — ni kwamba watu waingie na viatu vyao kutoka barabarani, tope la mji libaki kwenye zulia, na Jumapili ya wiki ijayo zulia ling'olewe na kutundikwa. Rotterdam, Glasgow na Lisbon wametangulia, mazulia yao yananing'inia ukumbi wa pili. La Rotterdam lina alama za matairi ya baiskeli. La Lisbon lina vumbi la rangi ya mdalasini. La Glasgow ni jeusi, sijui wenzetu wale wanakanyaga nini. Ukuta wa nne uko mtupu. Ule ni wetu.

Hotuba. Divai. Kisha Bwana Radim, mkurugenzi, akatangaza kwamba wazazi wa msanii waingie kwanza. Nikashika kitasa, nikafungua, nikaona zulia — na mwili ukafanya wenyewe. Niliinama, nikavua viatu, nikavipanga ukutani. Draha nyuma yangu akavua. Bwana Radim akavua. Foleni nzima ikavua! Madaktari, maprofesa, mtu wa redio, wote na soksi zao.

Zdislava alinijia, kauma midomo asicheke. "Baba, unafanya nini?"

"Zulia lako jeupe, mwanangu," nikasema.

Ijumaa, 8 Novemba

Zdislava anacheka bado. Wakati wa kifungua kinywa alisema jana walikuwa jamaa na marafiki, watu wenye adabu zao. Leo wataingia wapita njia. "Mvua inanyesha, Baba. Novemba iko upande wangu."

Alasiri nikapanda tramu kwenda kuhakikisha. Viatu ukutani — safu nzima! Buti za mpira. Viatu vya ofisini. Vya mtoto, vyenye vitaa visiginoni. Na zulia? Kama theluji ya kwanza.

Mlangoni hukaa Bi Květa, mlinzi wa ukumbi, sweta la kijani, mikono kifuani. Anaogopwa kuliko mkurugenzi. Nikamuuliza kama amewaambia watu waingie na viatu.

"Mimi, Mwalimu? Nimwambie mtu akanyage zulia jeupe na tope lake? Mama yangu atafufuka anichape."

"Lakini ndiyo sanaa yenyewe, Bi Květa."

"Basi sanaa hiyo na ije na mtu wake wa kufagia."

Jumamosi, 9 Novemba

Siku gani hii! Nimecheka hadi mbavu zinauma, na sina pa kucheka ila hapa, maana nyumbani binti hacheki tena.

Asubuhi waliweka bango mlangoni, herufi kubwa kama za tangazo la reli: MSIVUE VIATU. Nikakaa kwenye benchi kuangalia. Watu wanafika, wanasoma, wanatabasamu — na wanavua! Bwana mmoja mnene akamwambia mkewe, "Umeona? Wakarimu sana hawa." Mkewe akajibu, "Wakarimu, ndiyo. Vua haraka, na ule mguu wenye tundu la soksi uufiche nyuma."

Sasa nieleze, hata kama hapa hakuna wa kumweleza. Miaka yote niliyofundisha jiografia sikupata kuona jambo linalotenga nchi na nchi kama hili. Kwetu, mgeni akifika, mwenye nyumba husema, "Usivue viatu, ingia tu hivyo hivyo!" Mgeni wakati huo tayari ameinama. Mwenye nyumba husema tena. Mgeni anafungua kamba. Husema mara ya tatu, na mgeni keshasimama na soksi, anaulizia ndara. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyedanganyika. Ni salamu! Anayeambiwa "usivue" akaamini, akaingia na viatu, huyo atasemwa mpaka Pasaka.

Sasa mtu aandike maneno hayo hayo kwa herufi kubwa mlangoni. Kawaalika kwa heshima zote! Wataachaje kuvua?

Nilimweleza Zdislava mezani. Alinitazama kama ninayemsomea sheria za nchi ya mbali. Amekaa Rotterdam muda mrefu mno, amesahau. "Baba, maandishi ni maandishi. Yanasema kitu kimoja."

"Kwenu yanasema kimoja," Draha akadakia kutoka jikoni. "Kwetu yanasema karibu."

Neno hilo "kwenu" lilimchoma. Niliona.

Jumatatu, 11 Novemba

Leo sikukuu ya Mtakatifu Martin. Eti huja juu ya farasi mweupe, yaani na theluji. Mwaka huu kaja juu ya farasi wa rangi ya tope. Kiwandani kumefungwa, Jumatatu. Bata bukini alikuwa laini, kabichi nyekundu, divai mpya. Na ugomvi.

Zdislava alisema Jumapili ikifika na zulia likiwa hivi, hatalitundika. Atayashusha na yale matatu, apakie, aondoke, na hataonyesha tena kazi zake katika mji huu. Hakupiga kelele. Alikuwa anakata nyama vipande vidogo vidogo, kama alipokuwa mtoto mwenye homa.

"Nilikwenda miji mitatu ya wageni," alisema, "na wote waliacha alama. Nimekuja kwetu, wanapita kama mizimu. Hawataki kunigusa, Baba. Wanasimama pembeni."

Nikasema mcheza kwao hutunzwa. Akasema, mbona hatunzwi?

Nikaanza kueleza tena. Draha akanikanyaga chini ya meza. Baadaye, tukiosha vyombo, alisema, "Wewe Oldřich, mtoto anakwambia anaumwa, wewe unamwonyesha ramani."

Jumanne, 12 Novemba

Mvua. Wageni wengi. Viatu vyote ukutani.

Bi Květa ameleta kapu la ndara kutoka nyumbani kwake! Za wageni, za sufu, za kitambaa, moja ya kushoto haina mwenzake. Kwa nini? "Watapata baridi miguuni," alisema. Zdislava alilitazama kapu lile, akatoka nje bila koti.

Jumatano, 13 Novemba

Nimegundua jambo! Nilipaswa kuliona siku ya kwanza.

Watu hawaondoki.

Mazulia yale mengine yalikanyagwa na watu waliopita — mlango huu, mlango ule, kwaheri. Zdislava mwenyewe aliniambia kwamba Rotterdam mtu alikaa ndani muda wa kupiga picha. Hapa, kwa kuwa wamevua viatu, wamekuwa wageni, na mgeni hukaa. Wanakaa kwenye kochi! Wanafungua kabati na kusifia vikombe. Leo wanawake wawili wasiojuana walikuwa wamekaa kitandani wakibishana kuhusu namna ya kuzuia maji ya kuchemshia madonge ya viazi yasichafuke. Mzee mmoja, fundi wa lifti mstaafu, alisinzia. Mwingine alimfunika na koti. Bi Květa ananung'unika: "Mwalimu, saa ya kufunga nawafukuza kama kuku. Na kesho wanarudi na keki!"

Nikaingia mwenyewe na soksi, nikapiga magoti. Sufu imelala! Kutoka mlangoni hadi kochi, kutoka kochi hadi meza, imebonyea njia nyembamba, kama njia za mbuzi mlimani. Na humo mna vinyuzinyuzi vya soksi: bluu, kijivu, kimoja chekundu sana. Mtu wa ramani hawezi kukosea. Tumepita hapa! Na tumepita kwa upole.

Nilimpigia simu Zdislava palepale, nikiwa bado magotini. Alikuja. Alitazama kwa muda mrefu, kichwa upande.

"Ukiwa umesimama haionekani," alisema.

"Basi watu wapige magoti."

Alitaka kucheka. Karibu! Kisha akasema, "Watu hawapigi magoti mbele ya zulia, Baba," akaenda kuzungumza na Bwana Radim kuhusu makreti ya kusafirishia.

Ijumaa, 15 Novemba

Zdislava hakula. Bwana Radim amemwambia kituo kinataka kulihifadhi zulia la Brno kwa namna yoyote lilivyo. Alijibu kwamba yeye ndiye anayejua lilivyo. Bwana Radim alinisimulia haya kwenye ngazi, akijifuta miwani, mtu mpole, hajui ashike wapi.

Jumamosi, 16 Novemba

Gazeti limeandika! Nusu ukurasa, na picha ya safu ya viatu. Mwandishi kaiita "sebule ya mji". Draha amelikata na kulibandika kwenye friji. Zdislava alipita mbele ya friji mara kadhaa, akichukua maziwa, akirudisha maziwa.

Jioni alikuja kukaa nami. Nilikuwa nimejiapiza kutoeleza chochote. Nilinyamaza! Draha atashuhudia.

"Kesho nitaingia mwenyewe," alisema. "Na buti. Nitapita kwanza mtoni, pale kwenye matope. Kazi ni yangu. Alama moja inatosha, na ukuta hautakuwa mtupu."

Nikauliza tu kama buti zake haziingizi maji.

"Ndiyo hayo tu, Baba?"

"Ndiyo hayo tu."

Alikaa bado kidogo. Kisha akauliza, bila kunitazama, kama bibi yake, yule aliyesokota nyuzi mle, naye alivua viatu akiingia kiwandani. Nikasema walivua, ndiyo, walifanya kazi na ndara, sakafu ilikuwa na mafuta. Akasema hakuwa akijua. Ningeweza kuendelea mpaka usiku. Sikuendelea.

Jumapili, 17 Novemba

Naandika hapa hapa Kiwandani, kwenye benchi linalotazama mlango wa nyumba ile. Draha anasema mtu mzima haandiki mbele za watu. Mtu mzima ana haraka! Saa kumi wanaling'oa zulia.

Umati! Leo ni sikukuu ya kupigania uhuru, wengi wataondokea hapa kwenda mjini kuwasha mishumaa ya kumbukumbu. Viatu vimezunguka ukumbi mzima, vimefika hadi chini ya zulia la Glasgow. Ndani hapana pa kuweka mguu. Fundi wa lifti yuko kochini, macho leo. Watoto wamelala chali sakafuni wakitazama mahali ambapo dari ingekuwa. Mama mmoja mwenye nywele za fedha anakata keki ya zabibu kwenye meza ya binti yangu, anagawa, anauliza nani bado. Zulia jeupe. Mtu amedondosha chembe za keki, watu watatu wameinama kuziokota!

Bwana Radim anazungukazunguka. Mafundi wa kung'oa wamekaa kando na mikasi yao. Nao wamevua.

Anakuja.

Mvua imemlowesha. Buti — tope hadi kifundoni, tope la mtoni, zito, la kahawia. Kila hatua inaacha pande lake kwenye sakafu ya ukumbi. Watu wanampisha. Wengine wanatazama buti, wanatazama mlango. Bi Květa amesimama kutoka kwenye kiti chake. Sijapata kumwona akisimama.

Zdislava amefungua mlango.

Vichwa vyote vimegeuka. Ameinua mguu wa kulia, uko juu ya kizingiti, tope linadondoka upande wa huku.

Na yule mama wa keki — hamjui! hajui huyu ni nani! — anamwona msichana aliyelowa mlangoni, anaweka kisu chini, anafungua mikono.

"Ingia, binti, ingia, umelowa! Usivue viatu!"

Na wote, kochini, kitandani, sakafuni: "Usivue, usivue! Karibu tu hivyo hivyo!" Fundi wa lifti anasogea kumpa nafasi. Mtu anauliza kama bado kuna ndara.

Amesimama. Mguu bado uko hewani. Amegeuza shingo, anatafuta — ananitafuta mimi? mama yake? Draha amenishika mkono wa kalamu, herufi zinakwenda mrama. Nasema moyoni, usieleze, Oldřich, usieleze.

"Usivue, mwanangu," anasema yule mama tena, taratibu, sahani mkononi.

Mguu umerudi chini, upande wa huku. Anashika mwimo wa mlango. Anainama. Nywele zimemfunika uso, sioni kama analia au anacheka, naona vidole tu, vimefika kwenye kamba, na kamba imelowa, imekaza, na Bi Květa, kapu la ndara mkononi, anamletea —