Mayungiyungi Yaliyolala Mchangani

Baba, shikamoo. Na mama mfikishie shikamoo yake, asije akasema nimemsahau. Goti lake linaendeleaje? Na mpunga umefikia wapi? Nikihesabu miezi naona mko dunguni mnaamia ndege, na wewe sauti imeshakauka kwa kupiga kelele. Mimi mzima kabisa. Baridi imeniachia, leo nimefanya kazi na sweta moja tu.

Nina habari, na afadhali uisikie kwangu kabla kaka Deo hajaiongezea chumvi.

Ile bustani ninayofanya kazi hapa Ujerumani ina bwawa kubwa la mayungiyungi, yale maua yanayoelea majini. Ndiyo baba, hayohayo unayoyang'oa kwenye majaruba ya mpunga huku ukiyatukana. Huku watu wanatoka mbali kuja kuyatazama, wanakaa kwenye benchi kimya kama wako kanisani. Mengine ni ya hukuhuku, magumu: barafu inafunika bwawa, yenyewe yamelala kwenye tope chini, wala hayana habari. Lakini yapo ya buluu, yanayofanana na ya kwetu, na hayo barafu ikiyafikia yamekwisha. Kila mwaka walikuwa wanayahamishia ndani kwenye ndoo za maji, yanaoza, wananunua mengine.

Mwaka jana bosi wangu, Bi Helga, akanikabidhi mimi hayo ya buluu, yote kumi. Hakuzunguka. "Skola," alisema, "yakifika kiangazi yakiwa hai, bwawa ni lako. Yakifa nitampa mwingine." Unajua tangu nifike kazi yangu ilikuwa kufagia majani. Nimesoma chuo, nimejifunza lugha yao mpaka ulimi ukauma, halafu nafagia majani. Nililitaka lile bwawa, baba, sikufichi.

Sasa sikia nilivyovuruga. Wewe ulitufundisha kwamba gimbi halichimbwi mpaka majani yake yanyauke yenyewe. Basi nikasubiri majani ya yungiyungi yanyauke. Bi Helga aliniuliza mara mbili kama siyatoi, nikamjibu kwa kujiamini kwamba bado hayajakomaa. Asubuhi moja nikakuta ukingo wa bwawa umeganda. Manne yaliyokuwa pembeni yalikuwa yamelegea kama mboga iliyochemshwa. Nililia palepale, machozi yenyewe ya baridi.

Nilikwenda kumwambia mwenyewe kabla hajaona. Akasema, "Yamebaki sita." Basi, akarudi kwenye kazi yake.

Hapo ndipo nikakumbuka unavyotunza mbegu za magimbi nyuma ya jiko kwa mchanga wa mto Lumemo. Nikayatoa yale sita, nikakata majani na mizizi, nikaosha viazi vyake, ni vidogo tu kama njugu mawe. Nikatafuta mchanga, nikaulowanisha nikiubana kwenye kiganja kama unavyofanya wewe: ushikamane lakini usidondoshe tone. Nikavifukia kwenye ndoo, nikaiweka stoo isiyoganda wala kupata joto. Bi Helga akaja akasimama mlangoni. "Mmea wa majini unaufukia mchangani?" Nikamwambia kwetu bwawa likikauka nao unalala kwenye tope mpaka mvua irudi. Akatikisa kichwa akaenda zake.

Kila Ijumaa nilifukua na kubonyeza kimoja kimoja kwa dole gumba. Kimoja kililegea mwezi wa pili, nikakitupa haraka kisiambukize vingine. Siku hiyo sikula mchana.

Jua liliporudi nikavitia vile vitano kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Wiki ya kwanza hola. Ya pili hola. Ya tatu, vyote vitano vikatoa kijani kidogo, chembamba kama uzi. Baba, nilipiga kigelegele ndani ya stoo ya Wajerumani, wakaja mbio wakidhani nimeumia.

Bi Helga alipiga magoti kwenye sakafu, na umri wake ule, akavitazama. Akaniuliza mbinu hii nimejifunzia chuo gani. Nikamwambia kwa baba yangu, kijijini kwetu Katindiuka. Akafungua daftari la kazi akaliandika jina hilo nikimtajia herufi moja moja, na mwaka huu wote watafuata njia hiyo, ila kutoa tutatoa mapema kabla ya barafu. Najivuna, baba. Niache nijivune.

Nisalimie shangazi Getruda wa Sanje na biashara yake ya ndizi, na mdogo wangu Fredi huko anakojifunza ufundi wa pikipiki, umwambie siku moja apokee simu yangu. Padri pia, kama bado ananiuliza.

Jumatatu waliniita ofisini wakanipa kitambulisho kipya cha kuvaa kifuani. Kazi yangu imeandikwa chini ya jina. Nimekugeuzia kwa Kiswahili ili uwasomee mwenyewe hapo nyumbani, kwa sauti:

Binti yako,
Skolastika
Msimamizi wa Bwawa