Saa ya Adhana Iliyosimama Kila Siku ya Hamsini

Salma mwanangu,

Nisamehe nimekawia kujibu. Mtoto wa mdogo wangu anaota meno, na mama yako mdogo halali. Bibi anakusalimu.

Unaniambia mwenzako amesahihisha programu yako mbele ya darasa, na humtaki tena. Sikia. Nilipokuwa fundi mtaani Buyenzi, saa ya adhana ya umeme tuliyoutengenezea msikiti ilikuwa ikisimama kila siku ya hamsini. Mi nilikuwa naizima na kuiwasha siku hiyo ikikaribia, kwa siri, nikasifiwa. Akaja Mwajuma, fundi mgeni, akasoma programu asubuhi moja tu.

“Dada, inahesabu milisekunde tangu iwashwe. Namba ikijaa inarudi sifuri, nayo saa bado inangojea namba kubwa. Tupime muda uliopita tangu adhana ya mwisho, basi.”

Akabadilisha mstari mmoja tu! Nikamwonea wivu. Imamu alipouliza nani ameitengeneza, nikajibu, “Sisi.”

Mwajuma akacheka. “Sisi, eh?”

Saa haijasimama tena. Mpaka leo ikiadhini namwonea wivu, na lile “sisi” linaniuma zaidi.

Sasa nitumie soksi mbili za mtoto, dawa ya homa, na programu yako iliyosahihishwa, jina la mwenzako likiwa juu.