Gertrude, Mama Yako Amekataa Kutema Hasira

Mwaka umetimia, Gertrude Mkamburi, tangu tulipokulaza kule Mbololo, juu ya shamba la baba yako. Cherehani yako bado iko barazani pale Voi, imefunikwa leso yako. Mumeo hataki iguswe.

Tunakukumbuka ukiwa na uzi mdomoni. Mtoto akipita na kaptura iliyochanika nyuma, ulimwita, "Wee, kuja hapa!" Ukamvua, ukamfunga leso, ukamshonea bure huku ukimtania. Hadithi zako ulizicheka mwenyewe kabla hazijafika mwisho. Nani atatuchekesha hivyo sasa?

Lakini leo hatukuja kulia tu. Tumekasirika, na tutasema.

Ulipoona uvimbe kwenye titi, daktari alikupa vidonge vya maumivu. Ulipomwuliza ni ugonjwa gani, akakwambia hayo ni mambo ya daktari. Ebo! Titi ni la nani?

Nyumbani nako ukoo ukaketi. Kwetu mtu akiugua asipone, hutafutwa aliyemwekea kinyongo. Vidole vikamwelekea mama yako: si ndiye aliyenuna ulipoolewa na Musyimi, Mkamba wa reli? Jamani! Hasira hiyo iliisha siku alipompakata mjukuu wake wa kwanza. Hata hivyo akaambiwa apige funda la maji, ayateme chini, atamke kwamba ameachilia. Akatema. Uvimbe ukazidi. Wakasema hakutema kwa moyo. Akatema tena na tena mbele za watu, machozi yanamtoka, nawe umemshika mkono ukimwambia, "Mama, mimi najua huna kitu na mimi." Miezi ikapotea hivyo.

Siku ya mazishi, Katuku mwenye duka la nafaka alimvuta mama yako nyuma ya nyumba. Katuku alikuwa amevaa lile gauni ulilomshonea wewe, ukalitia pamba kifuani upande wa kushoto kwa sababu alikwambia aliungua maji moto.

"Mama, sikuungua," alisema. "Ilikuwa kansa. Niliwahi mapema, nikakatwa titi Nairobi, na mpaka leo natembea. Gertrude alinipima kwa mikono yake nikamdanganya. Niliposikia naye ni titi, nikanyamaza. Niliona haya."

Mama yako aliinua mkono amzabe kofi. Mkono ukaishia begani kwa Katuku, wakalia wote wawili.

Haya ya nini? Mwizi anapita sokoni kifua mbele, halafu mgonjwa ndiye ajifiche! Watu walinong'ona "ugonjwa ule," wakakutengea kikombe chako kama vile kansa inarukia watu. Aibu ni yao, na waione hapa.

Katuku ameturuhusu tumtaje. Mama yeyote wa Voi, Sagalla au Marungu akiona uvimbe titini, hata kama hauumi, aende hospitali mapema, aulize jina la ugonjwa wake mpaka ajibiwe. Akiogopa, apite dukani kwa Katuku, atasindikizwa. Mama yako naye huwasindikiza. Hukaa kwenye benchi pamoja na mgonjwa, na hainuki mpaka daktari aseme kwa lugha ya watu.

Wiki hii wazee wamemjia tena na kibuyu cha maji. Wanataka ateme hasira aliyo nayo juu yao na juu ya daktari yule, ukoo upate amani. Mama yako alikipokea kwa mikono miwili.

"Mlinitemesha hasira nisiyokuwa nayo, mwanangu akafa," aliwaambia. "Hii ninayo kweli. Ndiyo inayonipeleka hospitali na watoto wa wenzangu."

Akanywa maji yote, akameza, akawarudishia kibuyu kitupu.

Wanaokukumbuka ni mama yako Elsie Wakesho, mumeo Musyimi, wanao Danson na Mumbe, kaka yako Fanuel, na Katuku, ambaye siku hizi ni mtu wa nyumbani. Hatutakusahau kamwe, Gertrude, wala hatutanong'ona tena.