Sahani ya Asiyekuwepo

Cimpunda, Bukavu. Jumapili, mwanzo wa kiangazi.

Asubuhi ilikuwa ya baridi, na ukungu ulikaa juu ya ziwa mpaka misa ya pili ilipokwisha. Sasa ni jioni. Vumbi la barabarani limetulia, na kile kipande cha ziwa tunachokiona kati ya paa mbili za majirani kimekuwa cha kijivu kama bati.

Wanaosoma ukurasa huu waniwie radhi. Sijaandika tangu mvua zilipokuwa nyingi. Ombeni, mjukuu wangu mkubwa aliyenifungulia ukurasa, ameniuliza mara kwa mara kulikoni, nami nimekuwa nikiusingizia umeme. Ni kweli kwamba umeme ni wa shida, lakini si umeme ulioninyamazisha. Kuna jambo nyumbani ambalo sikutaka kuliona limeandikwa.

Jambo lenyewe ni hili. Mwanangu Bisimwa alipata kazi Kamanyola, chini kwenye uwanda wa Ruzizi, katika kinu cha kukoboa mpunga. Mkewe Noela na watoto wao, Ombeni na mdogo wake Ansima, walibaki hapa kwetu ili watoto wamalize mwaka wa shule. Sasa mwaka wa shule unakaribia kwisha. Bisimwa amejenga nyumba kule, na likizo ikianza familia yake itashuka kuishi naye. Katika nyumba hiyo amejenga chumba cha mimi na mama yake. Anataka jibu.

Sijampa.

Nimefundisha Kiswahili kwa muda mwingi wa maisha yangu, na sikuwa mwalimu wa kusifu ovyo. Hata insha nzuri niliipunguzia alama kidogo, ili mwandishi asije akalala. Leo nitamsifu mke wangu, Mama Bisimwa, na sitapunguza kitu.

Anayejua nyumba za Cimpunda anajua mvua inavyopiga mabati. Ikianza kwa nguvu, mtu na mwenzake wakikaa kiti kimoja hawasikilizani. Katika nyumba nyingi watu hunyamaza wakasubiri. Katika nyumba yetu mke wangu husimama katikati ya chumba na kuanza kusimulia kwa mikono. Husimulia habari za mtaa: nani ameanguka kwenye ngazi za matope, nani ametoka kanisani na mwavuli usio wake. Hatumii sauti hata kidogo, kwa kuwa sauti haina kazi. Watoto hukisia na kukosea, naye huwakemea kwa vidole. Wao huiita ‘kucheza mvua’. Nimeona watoto wa jirani wakikimbia kuja kwetu mawingu yakianza kuwa meusi, wakati watoto wengine wote wanakimbia kwenda makwao.

Mwezi ukiwa mpevu na ziwa likiwa jeupe, wavuvi hawapati sambaza, maana samaki hao wadogo hawazifuati taa za mitumbwi. Siku hizo yeye hukata viazi vitamu vipande vyembamba, huvitia chumvi na kuvikaanga, kisha huvileta mezani akisema hizi ni sambaza za shambani, tuangalie miiba. Ansima bado huangalia miiba.

Kiangazi kikija, mabomba yanakauka na bidoni za maji zinapanda mlima mgongoni mwa watu. Mke wangu huacha beseni la maji juani tangu asubuhi, na mchana huwaogesha watoto uani kwa maji yale ya vuguvugu, huku akijidai kuwa mwenye hoteli. Huwauliza kama wageni wameridhika na huduma. Mji wetu umepitia mengi, sitayarudia hapa. Nasema tu kwamba kulikuwa na siku ambazo sikuelewa alikoitoa hoteli hiyo.

Sasa niseme ya leo.

Dada yake mke wangu ametuletea maharage mapya kutoka Walungu, yakiwa bado ndani ya maganda. Katika nyumba ya baba yangu maharage mapya yalikuwa na desturi yake, nami nimeihifadhi. Nyumba nzima hukaa chini na kuyamenya, wanaume pamoja. Yakiiva, kabla ya yeyote kuonja, hutengwa sahani ya asiyekuwepo. Wafu hawatengewi, desturi hii ni ya walio hai na walio mbali. Mmoja wetu huchukua sahani hiyo na kuila kwa niaba ya mwenyewe, na mpaka iishe huongea kama yeye. Wengine humjibu kama wanavyomjibu mwenyewe. Sahani ikishatengwa hairudishwi sufuriani.

Tulikaa uani kumenya. Noela, ambaye kama wengi hapa husema ‘shiye’ badala ya ‘sisi’, alinionyesha kiti.

“Papa, kiti iko pale. Ao utakaa chini na shiye?”

“Acha akae na kiti yake,” mke wangu alisema. “Magoti yake ilizeeka mbele ya kinywa.”

Nilikaa kitini. Niliyamenya yangu nikitupa maganda kwenye kikapu, na kila nilipokosa kikapu Ansima aliyaokota bila kusema, kama karani.

Chakula kilipoiva, Ansima alipewa kazi ya kupanga sahani. Ombeni alichukua ile ya baba yake, akaweka kiganja sikioni kama simu na kuanza kupaza sauti, maana Bisimwa hapigi simu bila kupaza sauti.

“Allo? Allo? Rezo iko mubaya. Batoto banakula? Bon. Mama, iko unanisikia? Chumba yenu iko tayari. Nilisha weka mustikere, mbu haitaingia. Mupatie miye Papa. Papa? Papa? Anakata tena.”

Tulicheka, kwa sababu mimi hukata kweli. Noela alimjibu mume wake wa kuigiza kwamba akileta mchele wenye mawe tena ataula peke yake. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

Kisha tukaona kwamba Ansima ametenga sahani nyingine, ameiweka mbele yake, na bado hajaigusa.

“Na hii ni ya nani?” mke wangu aliuliza.

“Ya Koko Papa,” akajibu, yaani babu yake, mimi.

“Koko Papa si ule anakaa kwa kiti?”

“Ndiyo. Lakini maharagi ya mwaka kesho, shiye tutakuwa Kamanyola, na yeye hatakuwa. Mama alisema Koko Papa hapendi kule.” Alisogeza kijiko. “Miye niko najifunza.”

Noela aliinamisha kichwa mpaka sikuweza kuuona uso wake. Ombeni aliushusha mkono wa simu.

Ningeweza kusema sahani irudishwe. Lakini mimi ndiye niliyewafundisha kwamba hairudishwi.

“Basi jifunze,” nikamwambia.

Ansima aliunyoosha mgongo. Akakunja midomo. Akaongea Kiswahili changu, si chake.

“Ombeni, mdomo wenye chakula hausemi. Nani ameacha mlango wazi? Je, tunaishi sokoni? Mama Bisimwa, chumvi ni kidogo. Sisemi kwamba ni mbaya. Nasema ni kidogo.”

Mke wangu alilazimika kuweka sahani yake chini. Mimi nilikaa na uso ninaoufahamu kuwa ni wangu, na ulikuwa uso uleule uliokuwa mbele yangu, mdogo zaidi.

Lakini Ansima hakuishia hapo. Aligeuka upande wa ukuta, akafunika mdomo kwa mkono, na mabega yake yakaanza kutikisika taratibu. Hakutoa sauti.

“Eh, njo yeye kabisa,” Ombeni alisema. “Njo vile anafanyaka kama Koko Maman anacheza mvua.”

Nilidhani hakuna aliyewahi kuniona.

Mwalimu wangu mwenyewe alitufundisha kwamba mtu mzima hacheki mbele ya watoto na meno nje. Nimeishi hivyo. Mvua zote zile nilikaa kwenye kona yangu, nikageukia ukuta, nikaamini kwamba nimejificha. Kumbe walikuwa wakinitazama. Huenda hata yeye aliyesimama katikati ya chumba alikuwa akinichezea mimi, akisubiri mabega yatikisike.

Kisha Noela akasema. Kwetu mkamwana hamshurutishi baba mkwe. Akiwa na neno gumu humpitishia mume wake, au hulimeza. Lakini kwa desturi ya sahani, aliyekuwa mbele yake alikuwa mimi, na pia hakuwa mimi. Alimtazama binti yake usoni.

“Papa, kule miye nitapika na nani? Nitakuwa na nyumba mupya na kimya yake. Batoto batalala mapema sababu hakuna mutu wa kubachekesha. Mukuje na shiye. Kama joto itawashinda, mutarudia.”

Nilikuwa nimeshika kijiko hewani. Hakunitazama hata mara moja. Ilikuwa adabu kamili.

Mke wangu naye alimgeukia Ansima. Alijifuta mikono kwanza, kama mtu anayetaka kupokea kitu.

“Papa Bisimwa, unajua miye sitakuacha. Ukibakia, niko nabakia. Lakini nikibakia na weye tu, nitamuchezea nani mvua? Weye unachekaka ndani ya mukono. Siwezi cheza ya mutu moja, mwenye anaangalia ukuta.”

Wote tulimsubiri Ansima. Alikuwa amefikishwa mbali kuliko alivyotazamia, lakini hakuacha kazi yake. Alikipapasa kidevu. Aliinua punje moja ya harage kwa kijiko, akaichunguza pande zote.

“Nitafikiri,” akasema.

Noela ndiye aliyeanza kucheka, kisha Ombeni, kisha mke wangu akaegemea ukuta machozi yakimtoka. Hilo ndilo neno nililomjibu Bisimwa tangu mwanzo, kila alipopiga simu. Nami nilicheka. Nakiri kwamba mkono ulikwenda mdomoni wenyewe, haukuniuliza.

Ansima alimaliza sahani yangu mpaka punje ya mwisho, kisha akadai yake.

Baadaye, vyombo vikioshwa, nilimfuata mke wangu uani. Sikuwa na utangulizi. Nilimwuliza yeye mwenyewe anataka nini.

“Nilisha sema.”

“Ulimwambia Ansima.”

“Nilimuambia Koko Papa. Kama weye haukuwa pale, enda umuulize. Iko analala.”

Ansima alikuwa kweli amelala kwenye mkeka, mikono imefungwa kifuani kama mimi ninavyoifunga kanisani.

Ninaandika haya nikijaribu kuwa mkweli. Nimesema mara nyingi kwamba ninahofia joto la Kamanyola, na mbu, na ile barabara ya Ngomo inayoteremka kama ukuta. Ni mambo ya kweli, lakini mtu anaweza kuyazoea. Hofu yangu ni nyingine. Nimeamini kwamba furaha ya nyumba hii imo ndani ya nyumba hii: katika mabati haya, katika ua huu, katika kile kipande cha ziwa kati ya paa mbili. Nilidhani nikiondoka nitaiacha kwa mpangaji.

Leo nimejiuliza ni lini mabati yaliwahi kuchekesha mtu. Mabati ni kelele tu. Kiangazi ni vumbi na maji ya kubeba. Mwezi mpevu ni sahani isiyo na samaki. Kuna mwanamke mmoja aliyeyashika hayo yote na kuwapa watoto kitu cha kukimbilia nyumbani, nami nikakaa pembeni nikisifu nyumba.

Hata hivyo sijasema ndiyo. Mwanamke huyo amezeeka pamoja nami, na sijui kama ana nguvu ya kuanza kiangazi kipya mahali ambapo kiangazi ni kirefu na kikali. Hataniambia akiwa amechoka. Hajawahi kuniambia. Nikisema twende kwa ajili yake, huenda nikawa ninampa kazi nyingine. Nikisema tubaki kwa ajili yake, amekwisha kunijibu.

Kwa hiyo nimempigia simu Bisimwa kabla jua halijazama. Sikukata. Nimemwambia kwamba Jumamosi mimi na mama yake tunashuka kuangalia.

“Kuangalia chumba, Papa?”

“Mama yako anataka kuona jiko kwanza. Chumba baadaye.”

“Jiko iko nje, chini ya muti. Jikoni munaingia bantu kumi.”

Nilimwambia kwamba ‘watu kumi’ si kipimo cha jiko. Lakini nilimwona mke wangu, aliyekuwa akisikiliza nyuma yangu, akinyoosha mikono miwili hewani kupima upana wa mahali hapo, kisha akapiga hatua moja kushoto na moja kulia, kama mtu anayejaribu kuona kama kuna nafasi ya kusimama katikati.

Jumamosi nitamtazama yeye kuliko nyumba. Nitaandika tutakapokuwa tumeamua, wala si kabla, kwa sababu hapa kwetu siwezi tena kumwambia mtu yeyote ‘nitafikiri’ bila kuchekwa.