Magunia ya kahawa chini ya kitanda changu

Yvette rafiki yangu, acha kazi usome. Leo kabla ya kukucha nilisikia kikombe kikigonga ndoo. Mkamwana wangu Phionah alikuwa anatupa kikombe changu kwenye takataka!

Akasema mbele ya mwanangu Tefiro: "Mama, kikohozi chako cha usiku ni TB. Usimguse tena Alliance." Mjukuu wangu! Nisimguse! Na Tefiro anakunywa chai tu.

Nikashuka mjini Bwera, kliniki. Nesi alinipa kiti chake mwenyewe, mtoto wa watu. Wakapima makohozi. TB hakuna. Akaniuliza, "Bibi, unalala wapi?" Nikasema, juu ya magunia ya kahawa. Phionah aliyasukuma chini ya kitanda changu kahawa ikiwa haijakauka, akiogopa wezi. Nesi akasema, "Basi iko ukungu ya kahawa ndiyo inakukohoza."

Kahawa yake, Yvette! Yake!

Nikarudi nikamwambia. Samahani hakuna. "Sasa niweke wapi, mama? Kwa kitanda yangu?"

Kwa kitanda yangu! Nikafunga nguo zangu. Niko kwa jirani yangu Enid.

Alliance alinifuata mpaka barabarani, mama yake anamfokea. "Bibi, kesho utakuja kuniona tena?"