Wanataka Kumpa Mtoto Jina Lako

Dada yangu Raya,

Sijui hata nianzie wapi. Shemeji Hemed alikuja hapa Michenzani Jumatatu, kavaa kanzu kama aliyekuja kuposa. Mkewe mpya, Salma, kajifungua mtoto wa kike. Wanataka kumpa jina lako, lakini hawatompa mpaka sisi wa kwenu turidhie, na mama kasema neno liwe langu. Akika, siku ya kumpa jina, ni leo Ijumaa. Nilimpongeza, nikamtilia chai, halafu nikaenda jikoni nikakasirika peke yangu. Wewe ulimwacha bila mtoto, nami ndiye niliyekuwa nikimwombea ajaaliwe. Sasa kajaaliwa, nanuna. Mambo gani haya?

Jumatano nikenda kufundisha. Wanafunzi wangu wa kompyuta ndiyo kwanza wanaanza, na somo lilikuwa kamusi. Si hii ya maneno, dada. Ni pahala kompyuta inapoweka habari kwa majina. Unaandika jina, mbele yake unaandika habari yake, na ukilitaja jina, habari inakuja. Nikawaambia tuandike watu wetu na vyakula wanavyovipenda. Nikaanza na wewe: Raya, urojo.

Maana nilikuona moyoni, upo Forodhani siku ya sikukuu, umejitilia pilipili mpaka machozi yanakutoka, nami nakucheka. "Silii mie," ukasema, "ukwaju umeniingia jichoni." Ukamaliza bakuli lako, ukamaliza na langu.

Mwanafunzi wangu Bi Fatma, muuguzi mstaafu, akamwandika mke wa mwanawe, naye pia jina lake Raya: biriani. Kompyuta haikugomba, haikuuliza. Tulipomtaka Raya, ikaleta biriani tu.

"Yule wa mwanzo kenda wapi, mwalimu?" akauliza.

Jibu nalijua, nalifundisha kila muhula: jina lile lile likipewa habari mpya, ya zamani inafutika. Lakini niligeukia ubao, nikawa nafuta pasipo na maandishi. Bi Fatma alidhani nimesahau somo, maskini, akanisaidia: si tuwaweke wote wawili chini ya jina hilo? Inawezekana kweli, unaweka orodha badala ya neno moja. Tukafanya, ikakubali, darasa likafurahi. Mie nikazidi kuchanganyikiwa. Kompyuta ukiiamrisha inatii, moyo wangu nauamrishaje? Wakimwita mtoto huyo, nitageuka nikutafute wewe. Na baada ya miaka, likitajwa jina lako, nani atakuja akilini kwanza? Naogopa asiwe wewe, dada. Naogopa hata mie nitazoea.

Jana nilikwenda kwa kina Hemed, nshajiandaa kukataa. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Sijakaa vizuri, Salma akanipakatisha mtoto.

"Hatujamwita bado," akasema. "Tunakungoja wewe. Ukiona zito, tutatafuta jina jengine."

Jina lako, tangu tulipokuzika, kusimulia nasimulia, kuita siiti. Nikaliita. Mtoto akafumbua macho. Nikalia pale pale mbele yao, nao wakachukulia kuwa nimeridhia, na nadhani nimeridhia. Lakini wallahi, dada, mpaka sasa sijui nilikuwa namwita nani.

Mola akulaze pema.

Mdogo wako,
Rukia