Mamba Muntu Alikuwa Mwanamume

Kalemie, Jumapili. Ziwa limechafuka tangu alfajiri, nami nimechafuka kuliko ziwa.

Jana tuliondoa matanga ya Papa, baba yangu, aliyezama na boti lake akirudi kutoka Moba. Watu walikuwa bado wanakula pale mdogo wake, ambaye namwita Papa mdogo, alipoinuka na kuinyooshea kidole picha ya mamba muntu iliyo sebuleni mwetu: mwanamke mwenye mkia wa samaki, nywele hadi kiunoni, kitana mkononi. Kisha akakigeuza kidole kwa mama yangu.

"Munatafuta nani aliua kaka yangu? Mamba muntu njo uyu. Alimuuza kwa maji, sasa anakalia nyumba."

Nyumba. Kilio chote kile kilikuwa njia ya kufikia nyumba. Kesho ukoo unakaa kuamua kama Mama atolewe.

Leo Mama amepanda kiti ili aishushe picha, nikamzuia.

"Iache, Mama. Kesho nitaibeba mwenyewe."

Chuoni nilifanya utafiti juu ya jina hili, nikiwahoji wavuvi wazee wa pwani yetu. Walinieleza kwamba mamba muntu wa kwanza hakuwa mrembo mwenye kitana. Alikuwa mwanamume, jirani wa kawaida, aliyejua kuvaa umbo la mamba na kumvizia majini ndugu ambaye mali yake ameitamani. Meno ya mnyama, tamaa ya binadamu. Mkia wa samaki ulikuja baadaye, na picha za kigeni, nao wachoraji wakaupa jina la zamani. Hivyo lawama ikahama kutoka kwa mwanamume hadi kwa mwanamke, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mimi nauliza.

Nakiri pia kwamba haki peke yake hainitoshi. Nataka Papa mdogo aaibike mbele ya watu walewale, akose pa kutazama.

Maana amesahau jambo moja. Picha hiyo aliileta yeye, siku ya harusi ya wazazi wangu. Kwetu kila zawadi ya harusi hutangazwa kwa sauti pamoja na jina la mtoaji, na shangazi aliyetangaza siku ile yu hai, ana kumbukumbu kali na ulimi mkali zaidi.

Kesho nitaiweka picha miguuni pake. Nitamwomba shangazi arudie tangazo lake. Nitaeleza asili ya jina, taratibu, bila kumtaja mtu. Halafu nitauachia ukoo wenyewe utazame nani kati yetu anaitamani mali ya marehemu.

Lala vizuri, Papa mdogo.